Tunafundishana: Historia Fupi ya Diskasheni

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Keza, wilayani Ngara. Jioni moja mzee jirani yetu, rika la babu yangu, alinikuta nimekaa nje na vijana wanne wa kidato cha tatu. Tulikuwa na daftari moja na kipande cha chaki, tunaandika kwenye mlango wa bati. Alisimama akatuangalia kwa muda, kisha akaniuliza:

"Mjukuu wangu, huko chuoni kwenu mnafundishwa na nani?"

"Na wahadhiri, babu. Lakini muda mwingi tunafundishana wenyewe."

Mzee alicheka mpaka akaegemea fimbo. "Sasa hiyo ada mnamlipa nani?"

Vijana wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini ndugu msomaji, usiku ule sikulala mapema. Mzee alikuwa ameuliza swali ambalo mimi, niliyeongoza mpango wa vikundi vya kujisomea vya wanafunzi wa sayansi kwa miaka miwili, sikuwahi kujiuliza. Diskasheni, tunavyoiita, tuliikuta chuoni kama tulivyokuta mabweni na foleni ya chakula. Hakuna aliyetuambia imetoka wapi. Kila fresha anaambiwa wiki ya kwanza, "Tafuta grupu mapema, la sivyo utadisko." Basi. Historia yake ndiyo hiyo.

Nimejaribu kuichimba kidogo. Sikuichimba ili niwe profesa wa historia, maana mimi ni mtu wa kemia. Nimeichimba kwa sababu kuna kosa nililifanya ambalo nisingelifanya kama ningeijua.

Enzi za darasa dogo

Tuanze mwanzo. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na uhusiano na Chuo Kikuu cha London. Kitivo kilikuwa kimoja tu, Sheria, na wanafunzi hawakufika kumi na watano. Hebu fikiria: darasa zima linaweza kupanda daladala moja na siti zikabaki! Katika darasa kama hilo mwalimu anamjua kila mtu kwa jina, na akikosea anamsahihisha papo hapo. Ukisema "kikundi cha kujisomea" hapo, darasa lenyewe ndilo kikundi.

Sayansi je? Mwaka 1963 kilipoundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kazi ziligawanywa: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kijana wa huku kwetu Kagera aliyetaka shahada ya sayansi bila kwenda Ulaya ilimbidi aangalie Kampala au Nairobi. Mwaka 1964 chuo cha Dar kilihamia Mlimani, na mwaka 1965 ndipo Kitivo cha Sayansi kilipoanzishwa. Tarehe 1 Julai 1970 chuo kikawa kamili na cha kujitegemea. Mwaka 1973 ukaja Uhandisi.

Kila hatua hiyo iliongeza watu. Na kadiri watu wanavyoongezeka, mwalimu anasogea mbali. Kutoka meza moja mnakwenda kwenye chumba, kutoka chumba mnakwenda kwenye ukumbi, na mwisho wewe uliyekaa nyuma unamwona mhadhiri kama picha ya posta. Pengo hilo kati ya mwalimu na mwanafunzi wa mwisho halikai tupu. Lazima mtu alijaze, na aliyelijaza ni mwanafunzi mwenzako.

Mwanahesabu na darasa la Jumapili

Sasa nije kwenye sehemu iliyonishangaza mimi mwenyewe.

Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao kwa mamia. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, likaja Azimio la Arusha, kisha andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Humo Mwalimu alilalamikia elimu inayomfundisha mtoto kushindana peke yake badala ya kushirikiana na wenzake. Hewa ya Mlimani ikabadilika. Mwaka huo huo wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika Mashariki na kwingineko wakaunda umoja wao wa kimapinduzi uliojulikana kwa kifupi kama USARF. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa Kiganda aitwaye Yoweri Museveni.

Wengi wetu tukisikia habari za USARF tunafikiria maandamano na hotuba. Kumbe kazi yao kubwa ilikuwa kusoma! Jumapili walikuwa na madarasa ya itikadi, na madarasa hayo yaliendeshwa na wanafunzi wenyewe. Hayakuwa na maksi wala cheti. Unasoma kabla ya kuja, mnabishana, mnasahihishana. Mwalimu kama Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa anakuja, lakini shughuli haikuwa yake.

Novemba 1969 wanafunzi hao wakatoa gazeti lao, Cheche. Lilipigwa kwa stensili, karatasi kwa karatasi, kama haya magazeti yetu madogo tunayoyabana kwa pini. Kati ya waliolihariri walikuwamo Henry Mapolu, Zakia Meghji na Karim Hirji. Huyo Hirji, ndugu msomaji, hakuwa mtu wa siasa wala wa fasihi. Alikuwa mwanafunzi wa hisabati! Asubuhi namba, jioni stensili. Baadaye maishani akawa profesa wa takwimu za tiba, na mwaka 2010 akachapisha kitabu cha kumbukumbu za gazeti hilo.

Rodney alipoandika kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka mwaka 1972, aliwashukuru katika dibaji Hirji na Mapolu kwa kuusoma mswada na kuukosoa. Hebu tulia hapo kidogo. Mwalimu wa chuo kikuu anampa mswada wake kijana aliyekuwa juzi tu mwanafunzi wa hesabu, aukosoe. Ujasiri wa kumkosoa mkubwa haumjii mtu kwa siku moja. Kijana aliuzoea kwenye vikao vya kusahihishana na wenzake.

Novemba 1970 USARF na Cheche vyote vilipigwa marufuku. Siendi kwenye ubishi wa nani alikuwa na haki. Ninachotaka tukione ni kimoja: hata mtaalamu wa hesabu alijifunza kufikiri akiwa kwenye duara la wenzake, na duara lile halikuwa la wanyonge waliofeli. Lilikuwa la watu waliotaka maswali magumu kuliko yale ya darasani. Shika neno hilo, tutalirudia.

Lekcha Kiingereza, diskasheni Kiswahili

Kuna sababu nyingine inayoifanya diskasheni iwe muhimu kwetu kuliko kwa mtu wa London, nayo ni lugha.

Tangu mwaka 1967 shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Ukiingia kidato cha kwanza mambo yanageuka, kila kitu Kiingereza. Wapo waliojaribu kuliondoa ukuta huo. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilitoa taarifa yake mwaka 1982, ikapendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, kisha kiendelee mpaka vyuo vikuu. Serikali haikukubali, Kiingereza kikabaki. Wataalamu wa TUKI pale Mlimani hawakukaa bure, na mwaka 1990 ikatoka Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 nayo ikafungua mlango wa Kiswahili kutumika ngazi zote. Lakini ingia leo kwenye lekcha ya kemia chuo chochote cha nchi hii, utasikia Kiingereza.

Toka nje sasa, nenda chini ya mwembe au kwenye chumba cha darasa saa mbili usiku, usikilize wanafunzi wale wale. Kiswahili mtindo mmoja! Maneno ya kitaalamu yanabaki kama yalivyo, lakini "kwa nini" na "kwa vipi" zote ni za Kiswahili.

Nitoe mfano. Tulipofundishwa msawazo wa kemikali, sote tuliandika kwamba mmenyuko ukifika hapo umesimama. Tuliandika hivyo kwa sababu neno lenyewe la Kiingereza masikioni mwetu lilikuwa kama mizani iliyotulia. Dada mmoja kwenye kikundi chetu akakataa. "Jamani, haujasimama. Fikirieni daladala ya asubuhi. Kila kituo wanashuka watatu, wanapanda watatu. Ukihesabu abiria, namba ni ile ile. Lakini watu sio wale wale." Tukanyamaza. Mmoja akauliza, "Na konda akijaza watu kumi kwa nguvu?" Dada akajibu, "Basi kituo kinachofuata watashuka wengi zaidi mpaka itulie tena." Hapo alikuwa ameshatueleza kanuni ya Le Chatelier, na hakuna aliyeisahau mpaka leo. Profesa wetu alikuwa ameieleza vizuri tu, tena kwa saa nzima. Ila sisi tulikuwa tunasikiliza kwa lugha moja na kuelewa kwa nyingine, na hapo katikati kulihitajika mkalimani.

Huyo mkalimani hayumo kwenye bajeti ya chuo. Mzee wa Keza ameuliza ada tunamlipa nani. Dada yule hakulipwa senti.

Desa, bumu na biashara

Nisije nikaisifia diskasheni kama vile haina madoa.

Kuanzia miaka ya 1990 serikali ilipoleta uchangiaji wa gharama, chuo kikawa kitu cha kuhesabia fedha. Sheria ya Bodi ya Mikopo ikapitishwa mwaka 2004 na Bodi ikaanza kazi mwaka 2005. Vyuo vikaongezeka, wanafunzi wakaongezeka zaidi, bumu likawa ndilo habari ya mjini. Vitabu maktaba ni vile vile vichache. Ndipo desa likatawala: mtu anapiga fotokopi noti za mwaka juzi, anazibeba kama msahafu.

Desa likaingia mpaka kwenye vikundi. Zikatokea diskasheni ambazo hakuna anayejadili chochote. Kipanga mmoja anasimama mbele, anasoma majibu, wengine kumi na watano wananakili. Hiyo ni lekcha ya pili, tena isiyo na mhadhiri. Zikatokea na zile za biashara, mtu wa mwaka wa tatu anatoza kiingilio. Na zikatokea zile za kirafiki sana, ambapo kitabu kinafunguliwa saa mbili, saa mbili na robo mpira umeshaanza kujadiliwa.

Mimi nilikuta hali hiyo katika chuo nilichosoma, ambacho sina haja ya kukitaja, maana sidhani kama vingine vilikuwa tofauti. Nikiwa mwaka wa pili, wenzangu wakanipa kazi ya kuratibu vikundi vyote vya fresha wa sayansi. Nilikuwa na daftari la kurasa mia mbili, simu ya tochi, na kiburi cha kutosha.

Kosa langu

Muhula wa kwanza nilifanya jambo nililoliona la kisomi kabisa. Tulipopata matokeo ya jaribio la kwanza, niliwagawa watu kwa maksi. Waliofaulu nikawaacha wajipange wenyewe. Waliofeli nikawatengenezea vikundi maalumu, nikawapa viongozi, nikaandika orodha kwa mkono mzuri. Juu nikaweka kichwa cha habari: WANAOHITAJI MSAADA. Nikabandika kwenye ubao wa matangazo.

Katika orodha hiyo alikuwamo kijana wa kwetu. Tulitoka Ngara basi moja, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, tukigawana ndizi na maji. Kwao na kwetu ni kilima na kilima. Sekondari alikuwa ananishinda fizikia.

Siku ya kikao cha kwanza hakuna aliyekuja. Wiki ya pili wakaja wawili. Yeye hakuja hata mara moja. Nikamuuliza, akasema, "Niko fiti, kaka, napiga msuli mwenyewe." Na kweli alikuwa anapiga msuli. Alikuwa anakesha mpaka saa nane usiku, peke yake, miguu kwenye beseni la maji ili asisinzie. Mwisho wa mwaka alikuwa na sapu nne. Septemba akadisko. Akarudi Keza na begi lile lile.

Hakuwahi kunilaumu. Ila mimi najua nani alibandika karatasi ile.

Kumbe kosa hilo lilikuwa limeshatafitiwa kabla sijazaliwa. Miaka ya 1970, huko Berkeley, Marekani, mwalimu wa hisabati aitwaye Uri Treisman alijiuliza kwa nini wanafunzi weusi walikuwa wanafeli kalkulasi kwa wingi wakati wale wenye asili ya Kichina walikuwa wanafaulu. Watu walikuwa na majibu tayari mfukoni: wavivu, maandalizi duni, familia hazijali elimu. Treisman akachukua wanafunzi ishirini wa huku na ishirini wa huku, akawafuata wanakosoma na wanakoishi. Akakuta wale weusi wanasoma kwa bidii sana, kila mtu chumbani kwake. Wale Wachina walikuwa wanasoma peke yao kwanza, kisha wanakutana jioni, wanakaguana kazi na kuulizana, chakula kipo mezani na mazungumzo yanaendelea. Kila mmoja alijua amesimama wapi kwa sababu alijipima kwa mwenzake kabla ya mtihani kumpima.

Alipoanzisha vikundi vyake, Treisman hakuviita vya waliofeli. Aliwaalika wanafunzi kama watu wenye uwezo, akawapa maswali magumu kuliko ya darasani, wayatafune pamoja. Matokeo yao yakapanda sana.

Wakati huo huo, mwaka 1973, katika chuo kikuu cha Missouri pale Kansas City, mama mmoja aitwaye Deanna Martin alianzisha utaratibu mwingine unaokaribiana na huo. Yeye hakutafuta mwanafunzi dhaifu. Alitafuta somo gumu. Kila somo linaloangusha watu wengi liliwekewa vikao, mlango wazi kwa yeyote, na kiongozi wa kikao ni mwanafunzi aliyelifaulu somo hilo. Ukionekana pale hakuna anayejua umefuata nini, sapu au alama A.

Unaona tofauti na karatasi yangu? Mama yule aliliandika somo ubaoni. Mimi niliandika majina ya watu.

Na sikuwa na haja ya kwenda Marekani kulijua hilo. Wale vijana wa Jumapili pale Mlimani, mwaka 1969, walikuwa wamelijua. Hakuna aliyekwenda kwenye duara lao kwa sababu ni kilaza.

Tulivyojipanga upya

Mwaka uliofuata tulianza upya. Naeleza kwa ufupi, huenda kuna msomaji anataka kuanzisha cha kwake, hata kama ni cha uandishi wa hadithi.

Kwanza, watu sita, wasizidi saba. Wakifika kumi, watatu wanajificha nyuma ya wengine na huwezi kuwaona.

Pili, tukachanganya. Mtu wa Kilimanjaro na wa Mtwara, aliyepata tisini na aliyepata ishirini na tano. Hakuna orodha ya maksi popote.

Tatu, kiongozi ni wa mwaka wa pili aliyelipita somo lile, sio lazima awe kipanga. Tena tuligundua vipanga wengine hawafai, maana kwao jibu linakuja kabla hawajajua limetoka wapi. Aliyewahi kupata sapu akainuka, huyo anajua mashimo yote ya barabarani.

Nne, kiongozi hatoi jibu. Hii ilikuwa ngumu kuliko zote. Mtu akikuuliza unamrudishia swali: "Wewe unaonaje? Na mwenzako hapo anaonaje?" Anayeshika chaki sio anayesema. Anayesema anamwelekeza mwenye chaki, na hapo ndipo kutokuelewa kunapojianika juani.

Tano, maswali matatu au manne tu kwa kikao, yote magumu. Kila Alhamisi viongozi tulikaa na kuyafanya sisi kwanza. Mara nyingi yalitushinda, na hiyo ilikuwa dawa nzuri ya kiburi.

Sita, daftari la mahudhurio. Halikuwa la kuadhibu mtu. Asiyeonekana mara mbili, mwenzake wa kikundi anamfuata chumbani, sio mimi mratibu. Wengi tuliwakuta hawana nauli, au wanaumwa malaria, au wamefiwa na hawakumwambia mtu.

Saba, saa. Tulikuwa tunakutana saa tatu usiku mpaka akina dada wakatuambia ukweli kwamba wanaokaa mageto nje ya chuo wanarudi kwa kubahatisha. Tukahamishia saa kumi na moja jioni. Mahudhurio ya wasichana yakaongezeka wiki ile ile. Kumbe walikuwa wanataka kuja siku zote!

Wapo waliodisko bado. Wapo viongozi waliodai posho, hatukuwa nayo, wakaacha. Wapo wahadhiri waliotutazama kama wapiga porojo. Lakini sikubandika tena jina la mtu ubaoni.

Kurudi Keza

Likizo ile ile ya swali la mzee nilikwenda kumtafuta yule kijana mwenzangu. Ana kibanda pale kijijini, anatengeneza simu na taa za sola. Nilimkuta jioni amezungukwa na wanafunzi wa sekondari. Wanakuja kwake kwa sababu ana mwanga. Mbele yao ameweka betri, waya na balbu mbili, anawauliza kwa nini ukiziunga kwa foleni zinafifia na ukiziunga kwa ubavu zinawaka vizuri. Mmoja akamwomba jibu. Akamwambia, "Nikikupa jibu, kesho utakuja kuniomba lingine. Muulize huyo hapo pembeni yako." Wakaanza kubishana kwa Kiswahili na Kihangaza, waya zikihamishwa huku na huku.

Nilimngoja mpaka wakapumzika. Nikamwambia nilichokuja kusema, kuhusu ile karatasi. Alinisikiliza huku anafuta koleo kwa kitambaa.

"Ile karatasi niliiona asubuhi, kabla ya lekcha," akasema. "Niliisoma nikiwa nimesimama na wasichana wawili wa darasa letu. Basi." Akanyamaza kidogo. "Acha hizo pole, kaka. Una mitihani yoyote ya zamani ya fizikia? Hawa wamenimalizia maswali yangu yote."

Ndugu msomaji, kule Kabanga, wilaya yetu hii hii, chini ya ardhi kuna nikeli. Imetafitiwa tangu miaka ya 1970, na Januari 2021 serikali ilisaini mkataba na kampuni ya nje kwa ajili ya kuichimba. Ripoti zake zimejaa kemia na fizikia, na zimeandikwa kwa Kiingereza. Kuna siku watu wa Ngara watataka mtu wao azisome, azielewe, halafu awaeleze wazazi wetu kwa lugha wanayoielewa nini kitaingia kwenye maji yao na nini kitaingia mfukoni mwao. Mtu huyo huenda ni mmoja wa wale waliokuwa wanabishana juu ya balbu. Huenda pia yumo kwenye orodha ya mtu fulani, inayosubiri kubandikwa ubaoni.

Yule mzee nilimkuta tena kabla sijaondoka. Nikamwambia, "Babu, ile ada tunailipa chuo. Lakini deni tunadaiwa sisi kwa sisi."

Akanitazama. "Na wewe umeshalipa?"

Nikamwambia bado. Kesho yake nilimpelekea mwenzangu mitihani ya miaka sita, na tukakaa kuifanya pamoja. Swali la nne la karatasi ya pili lilinishinda. Yeye alilifanya.